Gari Linalofahamika Kibuye

Kisumu hakuna haja ya kumuuliza mtu gari lake lina umri gani. Watu huusoma kwenye namba. Linaloanza na KD ni la juzi, KC bado ni la kisasa, KB limezoea barabara zetu, KA ni la mtu mwenye subira. Utaratibu huo wa herufi tatu mbele na moja nyuma ulianza 1989. Gari langu liliutangulia: herufi tatu, tarakimu tatu, basi. Ni Land Rover 110 ya dizeli, iliyokuwa ya zahanati moja ya misheni kabla haijanifikia, na kwa muda sasa jamaa zangu wananiomba niiuze. Nimestaafu uuguzi na malipo ya kustaafu yameingia. Kifunguamimba wangu, anayefanya kazi Nairobi, amenipigia hesabu: nikiiuza, nikaongeza mkopo mdogo wa sacco, nitapata fobaifo iliyotoka Japani, yenye mifuko ya hewa ya usalama, kiyoyozi, na usukani mwepesi. "Mama, chuma hicho umekiendesha vya kutosha," aliniambia. "Sasa pumzika."

Nataka kumjibu kwa haki. Mapenzi ya gari la zamani yapo, ninayo, lakini hayashiki breki. Nimefanya kazi katika wodi ya majeruhi, na najua gari lisilo na mikanda humfanya nini mtoto. Wengi hulizungumzia suala la kubaki na gari kuukuu au kununua jingine kama jambo la ladha, au la mfuko. Mimi linanisumbua kwa sababu nyingine: kuna gharama ambazo haziandikwi kwenye risiti, na lazima mtu fulani azibebe. Na kila nikilifikiria narudi palepale: nani, katika mji huu, anaweza kulifungua gari hilo na kulifunga tena?

Land Rover yenyewe ilizaliwa na swali la gari kuukuu na la kushika nafasi yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep kuukuu ya kijeshi. Jeep ilipochoka aliona hakuna gari jingine la kushika nafasi yake ila Jeep nyingine. Akaamua kampuni yake itengeneze la kwao. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Chuma kilikuwa cha mgao Uingereza wakati huo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, madini yaliyokuwa yakipatikana kwa wingi baada ya viwanda vya ndege za kivita kupunguza kazi. Ndiyo sababu milango yangu haina kutu hadi leo, ilhali fremu ya chuma iliyo chini yake lazima ichunguzwe kila mwaka, hasa pale chuma kinapogusana na aluminiamu. Ziwa letu ni la maji baridi, na hilo ni neema. Gari lililokulia Mombasa, kwenye upepo wa chumvi, nisingelinunua bila kulala chini yake kwanza na tochi.

Gari langu halikufika Kenya likiwa gari. Lilifika likiwa masanduku. Kuanzia miaka ya 1970 Land Rover ziliunganishwa Thika, katika kiwanda kilichoanza kwa jina la Leyland Kenya na ambacho sasa ni Kenya Vehicle Manufacturers. Vijana wa Kenya walifungua masanduku hayo, wakapanga vipande, wakaunga fremu na ekseli, wakakaza kila boliti kwa spana. Ukweli huo nilikuwa naujua kwa miaka mingi bila kuupa uzito. Siku hizi naupa uzito mkubwa. Kila boliti ya gari hili iliwahi kukazwa na mtu wa hapa, na kwa hiyo kila boliti inaweza kufunguliwa na mtu wa hapa.

Nilizijua Land Rover kabla sijawa na yangu. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1980, na nilipoajiriwa, miaka kadhaa baadaye, chanjo ilifika vijijini ikiwa ndani ya sanduku la barafu lililofungwa kamba nyuma ya gari la wizara. Joto ndani ya sanduku lilipaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Nje, kwenye tambarare ya Kano mwezi wa Februari, hewa ilikuwa inachemka. Mvua za Aprili ziliponyesha, udongo mweusi wa Ahero na Nyakach uligeuka kitu kingine kabisa: unashika tairi, unajaa kwenye matao ya magurudumu, gari linasimama huku injini inalia. Dereva alishuka, akaingiza gia ya chini, akawaomba akina mama waliokuwa wakisubiri na watoto mgongoni wasogee kando. Mara nyingi tulitoka. Tusipotoka, dereva alijua la kufanya, na asipojua yeye, kulikuwa na mtu sokoni aliyejua. Sikumbuki chanjo iliyopotea kwa sababu gari lilisubiri fundi kutoka Nairobi.

Sasa hoja za mwanangu. Ni nzito, na sitazipunguza uzito.

Nyuma ya gari langu kuna mabenchi mawili yanayotazamana. Lilipotoka Thika hapakuwa na mkanda hata mmoja huko nyuma. Tangu kanuni za waziri Michuki za mwanzoni mwa 2004 zilazimishe mikanda, Mkenya hahitaji kuelezwa mkanda ni wa nini, na bado nimewabeba wajukuu wangu kwenye mabenchi hayo hadi ufukwe wa Dunga kwa sababu ni karibu. Ukikanyaga breki kwa ghafla kwenye lami yenye maji, magurudumu hujifunga na gari huteleza. Gari la kisasa lina mfumo wa kuzuia hilo. Tena kuna moshi. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimepunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, lakini injini inayonufaika hasa na dizeli hiyo safi ni ile yenye chujio la moshi, na yangu haina. Nikiiwasha asubuhi, wingu la kwanza huelea juu ya ua na kuingia kwa jirani anayenyonyesha. Mimi niliyewafundisha akina mama wasipike kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha siwezi kulitazama wingu hilo nikasema ni harufu ya ujana wangu.

Hata kwenye maji, ambako wenye magari ya zamani hujisifu zaidi, gari jipya linashinda. Land Rover Defender mpya, iliyozinduliwa 2019 na inayotengenezwa Nitra, Slovakia, inaruhusiwa na watengenezaji wake kuvuka maji ya kina cha sentimita 90. Ile ya zamani, iliyokoma kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, ilipewa sentimita 50. Huku kwetu hilo ni jambo kubwa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likafikia kimo ambacho wazee walikilinganisha na mafuriko ya miaka ya 1960, likameza vibanda vya ufukweni na njia za kwenda visimani. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zikaurudisha mto Nyando majumbani mwa watu. Sentimita 40 za ziada, katika msimu kama huo, ni tofauti ya kufika na kutofika.

Kwa karatasi, basi, mwanangu ameshinda. Nami ningetia saini, kama gari lingeishi kwenye karatasi.

Gari analonichagulia limeshaendeshwa miaka sita au saba kwenye barabara za Japani. Sheria yetu inakataza kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane, ndiyo maana yanafika Mombasa yakiwa karibu na mpaka huo. Likifika hutozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT, ada ya tamko la uingizaji na tozo ya reli, kila moja juu ya nyingine, kisha hupewa namba mpya ya KD, na mtaani watu humpongeza mwenyewe kwa gari jipya. Siwalaumu. Lakini sheria hii inanifikirisha. Inalizuia gari kuingia likiwa zee, na hailizuii kuzeekea humu ndani. Miaka kumi ya kwanza ya maisha yake ya Kenya gari hilo hupendwa. Miaka kumi inayofuata hukabidhiwa mafundi ambao hakuna aliyewafundisha namna lilivyotengenezwa. Nani amewaza kuhusu miaka hiyo kumi ya pili? Na gharama hubadilika kwa upepo wa mbali. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, mwezi uliofuata Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13, na watu niliowafahamu waliokuwa wameagiza magari kwa mkopo walijikuta wanadaiwa gari moja na nusu.

Kibuye ni soko la kila kitu, na Jumapili hujaa hadi barabarani. Pembeni yake kuna kazi za jua kali: wanaofua masanduku ya bati, wanaochomelea milango, wanaokata matairi kuwa viatu. Mafundi wa magari wametapakaa kuanzia hapo hadi mitaa ya nyuma, na wangu yuko chini ya mwembe, kwenye ardhi iliyolowa oili hadi ikawa ngumu kama saruji. Ni rika langu. Huniita Sista, kama walivyotuita wagonjwa wodini. Sijawahi kumwona akianza kazi kwa kushika spana. Huanza kwa kusikiliza. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma na mpini wake kwenye sikio, akaihamisha polepole kutoka silinda moja hadi nyingine, macho yamefumba, na mimi niliyetumia stetoskopu maisha yangu yote naijua sura hiyo. Kisha hunusa moshi. Mweupe wenye harufu tamu, maji yanaingia mahali pasipostahili. Wa buluu, oili inaungua. Mweusi, dizeli inazidi hewa. Baada ya hapo ndipo huuliza nilikuwa naenda wapi na nilikuwa na mzigo gani.

Alijifunza kazi katika gereji ya Masingasinga mjini hapa, na waliomfundisha walikuwa wamefundishwa na watu wa karakana ya reli. Ukoo huu wa mafundi ni mrefu na haujaandikwa vya kutosha. Joginder Singh alizaliwa Kericho, mwendo mfupi kupanda mlima kutoka kwetu, akalelewa kwenye gereji ya baba yake, akawa fundi wa doria wa chama cha magari kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeshaitumia na kuiacha. Magari mapya kutoka Ulaya yalikuwepo mashindanoni. Ndugu wawili waliolijua gari lao hadi kwenye nati ya mwisho waliyapita. Fundi wangu alikuwa bado mtoto mdogo, lakini humsimulia Joginder kama mtu aliyemwona jana, na kila mara huishia palepale: gari lilikuwa limetumika, mikono ndiyo iliyokuwa mipya.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, ikaiambia dunia kwamba watu kama hawa hawakosi kazi. Wana kazi ambayo serikali haiihesabu. Nusu karne imepita. Bado tunawahesabu vibaya. Ukilipeleka gari Kibuye unalipa spea na unalipa mkono, lakini hulipi kile ambacho fundi anajua, kwa sababu hakuna mahali pa kukiandika kwenye kijikaratasi cha bei.

Injini yangu ya kwanza ilikufa zamani. Iliyomo sasa ni ya Nissan, na si jambo la ajabu. Kenya imejaa Land Rover zenye moyo wa Nissan, Isuzu au Toyota. Fundi alitengeneza vishikio vya injini kwa chuma cha reli, akatafuta bamba la kuunganisha gia, akahamisha radieta. Tukapeleka hati zibadilishwe namba ya injini. Namba ya fremu haikubadilika, na kwa hati za serikali gari ni lilelile. Mwanangu huuliza kama kweli ni lilelile. Nimewahudumia wagonjwa waliotoka theatre na damu ya watu wanne mwilini, na hakuna aliyeuliza kama ni walewale.

Hapo ndipo ninapoyaona magari ya sasa kwa macho tofauti. Jirani yangu, mwalimu mkuu mstaafu, alinunua gari la kisasa la nchi ile ile mwanangu anayonisifia, zuri kwelikweli. Alipofika Ndori akielekea Luanda Kotieno kuvuka kwa feri hadi Mbita, taa ya manjano iliwaka na gari likaanza kwenda mwendo wa punda. Hakuna kilichovunjika. Hakuna kilichovuja. Mafundi wa Ndori walifunua boneti, wakaona kifuniko cha plastiki, wakakishusha tena kwa heshima. Likavutwa hadi Kisumu, likamsubiri mtu mwenye kompyuta, ikaonekana ni kihisio kidogo cha hewa kilichojaa vumbi. Nilimweleza fundi wangu. Alifikiri kidogo. "Sista, hilo halikuharibika," alisema. "Lilikataa. Na likikataa halimwambii mtu sababu, mpaka awe na mashine yake."

Sidhani kosa ni la kompyuta. Kompyuta hiyohiyo ndiyo inayozuia magurudumu yasijifunge na inayopunguza ule moshi. Tatizo ni mlango uliofungwa. Wapigakura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliona hivyo 2012 walipopitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari wawape gereji za kawaida taarifa za ukaguzi zilezile wanazowapa mawakala wao, na 2020 wakaiongezea nguvu. Sijasikia mgombea yeyote wa ugavana au ubunge huku akiahidi hilo, ingawa idadi ya wapigakura wanaoishi kwa spana hapa ni kubwa kuliko ya wanaoishi kwa viwanda. Vijana wenyewe wameanza kuusukuma mlango. Karibu na mwembe wa fundi wangu kuna msichana aliyesomea magari Kisumu National Polytechnic. Ana kifaa cha kusomea makosa na simu yenye kioo kilichopasuka, na wazee wanampelekea magari yanayokataa. Anayasoma. Wakati mwingine anajua tatizo ni nini na bado hawezi kulitatua, kwa sababu programu inadai nywila ya kiwanda. Nimemwona uso wake saa hizo. Ni uso wa muuguzi anayejua dawa na hana ufunguo wa kabati.

Kuna mwili mwingine ninaotaka uingie kwenye hesabu hii. Miaka mingi ufukweni mwa Kisumu wanaume wameosha magari wakiwa wamesimama majini, maji yamewafika magotini, matairi ya mbele yameingizwa ziwani. Konokono wa majini wanaobeba vimelea vya kichocho hukaa hapohapo. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa CDC ya Marekani waliwafuatilia waosha magari hao. Walipopatikana na kichocho walipewa praziquantel, wakapona, wakarudi majini kwa kuwa riziki ilikuwa majini, wakaambukizwa tena, wakatibiwa tena. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet 2002 ulionyesha jambo la kustaajabisha: baadhi yao, kadiri walivyotibiwa mara nyingi, ndivyo walivyochukua muda mrefu zaidi kuambukizwa upya. Miili yao ilikuwa inajenga kinga. Waliokuwa na virusi vya UKIMWI na kinga iliyoshuka hawakupata ulinzi huo. Elimu ambayo wanasayansi wa dunia nzima wanaitumia katika kutafuta chanjo ya kichocho ilitoka kwenye damu ya watu waliokuwa wakisugua matope ya magari yetu.

Gari jipya huoshwa mara nyingi zaidi kuliko kuukuu, kwa sababu mwenyewe anataka ling'ae. Naliosha langu nyumbani, kwa ndoo, na oili yake haiingii ziwani. Lakini nikilala kitandani naukumbuka pia mwili wa fundi wangu, chalichali chini ya gari, akipuliza vumbi la breki za zamani. Bitana nyingi za breki za miaka ile zilikuwa na asbesto, na hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo siwezi kusema gari langu halimgusi mtu. Linamgusa yule aliye karibu nalo zaidi.

Ukitaka kuona swali hili likiwa kubwa, nenda bandarini. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na meli kubwa za zamani za ziwa hili zilikuja kama gari langu, vipande vipande, kwa kuwa hakuna njia ya bahari ya kuzifikisha hapa. Ziliungwa kwenye kingo za ziwa na kuteremshwa majini. MV Uhuru, meli ya kubeba mabehewa iliyotengenezwa Uskochi miaka ya 1960, ilikaa imefungwa gatini zaidi ya miaka kumi, na wengi tuliizoea kama jengo. Kisha mafundi, wakiwemo wa jeshi la wanamaji, waliifungua, wakaifanyia kazi, na Desemba 2019 ikaanza tena kupeleka mafuta Port Bell, Uganda. Reli ya kisasa iliyokusudiwa kufika kwetu ilisimama Naivasha. Kilichorudi Kisumu ni treni ya abiria kwenye reli ile ile ya zamani, iliyokarabatiwa, Desemba 2021. Nilisimama kwenye umati siku zile na nilifurahi hadi machozi.

Ila pembeni ya ile ya zamani sasa kuna MV Uhuru II, yenye urefu wa mita 100, na hii ndiyo iliyonibadilisha mawazo kuliko yote. Ni mpya. Na imejengwa hapahapa, katika karakana ya meli ya Kisumu, chini ya Kenya Shipyards Limited kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Kuna vijana wa Nyalenda na Obunga waliochomelea mbavu zake. Ikipata ufa baada ya miaka 30 mji huu utakuwa na watu wanaojua bamba gani linashikana na lipi. Nilipoiona niliacha kufikiri kwamba mimi ni mtetezi wa vitu vya zamani.

Magari yetu hayajapata bahati hiyo. Mwaka 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na 1990 magari ya majaribio ya Nyayo yalionyeshwa Kasarani. Hayakufika kwenye mauzo. Baadaye ikaja Mobius, gari la miguu mirefu, lililopunguzwa madoido kwa makusudi ili lifae barabara za vijijini, na Agosti 2024 kampuni yake ikatangaza kufunga. Niliumia. Kinachonipa matumaini ni kazi ya Opibus, kampuni ya Nairobi ambayo sasa inaitwa Roam: walichukua Land Rover na Land Cruiser kuukuu za kubebea watalii, wakatoa injini za dizeli, wakaweka mota za umeme. Fremu ya zamani, pumzi mpya, bila moshi. Bei yake bado haishikiki kwa mstaafu wa Kisumu, lakini kanuni yake naielewa bila kufundishwa. Wamefungua kitu kinachofunguka.

Kwa hiyo nimemwandikia mwanangu. Nimemwambia magari ya wagonjwa ya kaunti yawe mapya, yote, na nitalisema hilo kwenye baraza lolote, mradi mkataba wa kuyanunua uweke ndani yake mafunzo na vifaa vya ukaguzi kwa mafundi wa hapa. Mama anayevuja damu kule Usigu hastahili kusubiri sikio la fundi yeyote. Lakini mimi safari zangu ni Kajulu, Ahero, Kendu Bay, mchana, polepole, na Land Rover inabaki. Usiku kwenye barabara kuu sitaiendesha tena. Kwenda Nairobi na wajukuu ni treni, au gari lake yeye.

Zile pesa za gari la Japani zitapungua, ila sitazimaliza. Mabenchi ya nyuma yanatoka, viti vinavyotazama mbele vinaingia, na mikanda itafungwa kwenye fremu. Pampu na nozeli zinapelekwa kupimwa upya, kwa ajili ya yule jirani na mtoto wake. Nimemnunulia fundi barakoa za kazi za vumbi laini, amezipokea kwa adabu na sijui kama atazivaa, kwa hiyo nitapita kuangalia. Na nitamlipia yule msichana wa kifaa cha kusomea makosa ada ya mtihani wa ufundi wa NITA wa ngazi inayofuata, kwa sharti kwamba asubuhi mbili kwa wiki akae chini ya mwembe na bisibisi sikioni, maana gari linaweza kupata injini nyingine lakini mzee huyu hana spea. Yeye naye amekubali kumfundisha, mradi msichana amwonyeshe zile namba za makosa zinasomwaje.

Kazi inaanza kwa breki. Hapo hatujaelewana bado: fundi anataka kubakiza ngoma za nyuma kwa sababu anazijua, mimi nataka diski pande zote nne, na msichana amesema tupime kwanza ekseli kabla yeyote kati yetu hajaendelea kubishana.